Safu ya Samaki

Vijana wangu mnaomaliza ualimu wa muziki mwaka huu, mkuu wenu alinipigia simu akaniomba niwaandikie kurasa chache za hekima. Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Hekima sina. Nina miaka mingi ya kufundisha watu wazima namna ya kufundisha watoto kuimba, nina magoti mabovu, nina diapazoni moja iliyopinda jino, na nina aibu moja ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote aliyenipa kazi. Nitawapa hiyo aibu. Diapazoni bado naihitaji.

Kwa ninyi mnaotafuta sauti ya kuanzia kwenye simu, diapazoni ni kichuma cha meno mawili. Unakigonga gotini, unakisogeza sikioni, kinakupa noti ya la, na kutoka hapo unajitafutia nyingine. Yangu nilipewa na Bruda Anselmi kule Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo, mtawa mzee aliyenifundisha kazi hii. Jino la diapazoni lilipinda miaka ya vita, asubuhi moja tukiwa darasani Buyenzi, milio ya risasi ilipoanza upande wa Kamenge karibu kuliko tulivyozoea. Nilikimbilia kufunga mlango wa chuma, diapazoni ikiwa mkononi, ikabanwa kwenye bawaba. Walimu thelathini niliokuwa nawafundisha walikuwa wamekwisha kulala chini ya madawati. Tukiwa kifudifudi namna hiyo, Bosco, mwalimu kutoka Kinama mwenye sauti nzito kama ya mlango wa kanisa, akauliza kutoka nyuma:

"Mwalimu, ile ya mwisho ilikuwa fa ao sol?"

Tulicheka na vumbi puani. Tangu siku ile noti ya diapazoni yangu iko chini kidogo, na nadhani ni mimi peke yangu ninayejua.

Sasa niwaeleze yalikuwa mafunzo gani. Mji wa Bujumbura ulikuwa umekatikakatika, kila kabila na mtaa wake. Wa Kinama hakanyagi Ngagara, wa Ngagara akisikia Kamenge anabadilisha njia. Buyenzi kwetu, kwa Waswahili, ndiko kila mtu alithubutu kuja, mradi arudi kwake mapema kabla barabara hazijafungwa. Kwa hiyo mradi mmoja wa wageni ukaazima madarasa mawili huko, ukaniita mimi niwafundishe walimu wa shule za msingi kutoka mitaa yote kuanzisha kwaya za watoto. Watoto wangeimba pamoja, wazazi wangekuja kusikiliza, watu wangeanza tena kusalimiana. Juu ya ubao kulikuwa na kitambaa kilichoandikwa maneno marefu ya Kifaransa kuhusu maendeleo ya kudumu. Madamu aliyesimamia mradi aliyafupisha vizuri. Alisema: tunataka kitu kitakachobaki sisi tukishaondoka.

Kumbukeni maneno hayo ya Madamu. Mimi niliyasahau haraka sana.

Siku ya kwanza niliwaomba waseme mmoja mmoja kwa nini wamekuja. Wengi walisema yale wanayosema watu mbele ya wageni: amani, watoto, taifa. Bosco alisema amekuja kwa sababu mkuu wake wa shule hataki kumsikia tena akiimba ofisini. Kisha akasimama mama mmoja wa Ngagara, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, mwalimu wa darasa la tatu. Aliitwa Domitila. Zamani, alisema, alikuwa akiimba sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, katika kwaya ya kwao, huko milimani. Halafu yakawapata yaliyowapata, mume na ndugu wakaisha, yeye akakimbilia mjini.

"Tangu ile siku nikiimba inatoka noti moja tu, ya chini," alisema. "Haipande, haishuke. Nimekuya nione kama ntaimba tena. Basi."

Akakaa. Niliandika kwenye daftari langu: Domitila, sauti ya kwanza, ana tatizo. Ona mwalimu mimi. Mtu ananiambia jambo kubwa kuliko yote atakayoniambia mtu katika kazi hii, na mimi naandika ana tatizo.

Niliwaahidi aibu moja, lakini njiani nitawaonjesha na upumbavu. Wakati ule karatasi zenye mistari ya muziki hazikupatikana mjini. Nilitengeneza chombo changu: chaki tano nilizofunga kwenye kipande cha ubao, unavuta mara moja, unapata mistari mitano iliyonyooka. Nilijisifu nacho sana. Asubuhi moja chaki moja ilivunjika nisione. Nikavuta, nikajaza noti, nikafundisha saa nzima nimewageuzia mgongo. Nilipokusanya madaftari, nikakuta walimu thelathini wamenakili mistari minne, na ile noti iliyotakiwa kukaa kwenye mstari wa tano wameichora inaelea hewani kama nilivyoichora mimi. Hakuna aliyenyanyua mkono. Nilipowauliza, Domitila akajibu kwa upole, "Si wewe uliandika vile, Mwalimu?"

Nilipaswa kushtuka siku hiyo. Mkufunzi anapokosea mbele ya walimu thelathini, kosa halibaki darasani. Linapanda basi pamoja nao, linashuka kila mtaa. Mimi nilicheka, nikabadilisha chaki.

Tena haikuwa kwamba sijui kazi. Bruda Anselmi alinifundisha vizuri. Alikuwa na mashavu mekundu na hasira za karibu, na alikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aivunje: hakuna kumwambia mtu kwamba hawezi kuimba. Mtu akitoa noti isiyofanana na yako, usimvute aje kwako. Nenda wewe kwake. Itafute noti yake, iimbe pamoja naye mpaka asikie mmekuwa kitu kimoja, kifuani mwake atahisi kama mtetemo. Hapo ndipo unapanda naye hatua moja. Moja tu. Akianguka, unarudi naye chini, unaanza tena. Kisha mweke katikati ya wawili wenye masikio mazuri, bega kwa bega. Nilimwona akifanya hivyo na wavulana ambao sisi tuliwaita vyura, na baada ya miezi wakaimba misa. Mmoja wa vyura hao alikuwa mimi.

Basi nilijua. Msije mkasema mzee hakujua.

Kilichotokea ni kwamba tulibakiwa na wiki moja, na wageni wakubwa, wale wenye mradi, walitarajiwa Ijumaa kusikiliza. Wakiridhika, kungekuwa na mwaka wa pili wa mafunzo. Wasiporidhika, basi. Na mimi, badala ya kuchagua wimbo rahisi, niliamua waimbe wimbo nilioutunga mwenyewe, wa sauti nne, wenye mahali kadhaa pa kupanda ambapo hata malaika wangeomba maji. Niliusifia kwamba ni wimbo wa umoja. Ulikuwa wimbo wa kuonyesha kwamba mimi, mtoto wa Uvira niliyehamia Buyenzi, naweza kutunga sauti nne.

Jumanne tulirudia mara sita. Kila tulipofika pale pa kupanda, nilisikia kitu kinakwaruza katika sauti ya kwanza. Niliwapitia mmoja mmoja nikiwa nimeinama, sikio karibu na midomo yao, mpaka nikafika kwa Domitila. Ilikuwa noti yake moja, ile ya chini. Lakini aliishika kwa nguvu zake zote, macho ameyafumba, mshipa wa shingo umetoka.

Bosco akaona. Alitoka kwenye safu yake ya sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, akaja mbele.

"Mwalimu, nipe mimi huyu mama," alisema. "Asimame pembeni yangu. Ile noti yake ni karibu na zangu. Nitamushika, tutapanda naye polepole."

Domitila alifumbua macho akamtazama. Wiki za kwanza hawa wawili hawakuwa hata wanapeana mkono. Yeye wa Ngagara, huyu wa Kinama. Alisogeza mkoba wake, akavuta hatua moja kuelekea upande wa Bosco. Hatua moja! Mradi mzima, na kitambaa chake, na chai yake ya saa nne, ulikuwa umeletwa Bujumbura kwa ajili ya hatua kama ile.

Na mimi nikasema: "Apana, Bosco. Rudi mahali pako. Mwanamke kwenye sauti ya nne wageni wataona nini? Utaniharibia safu."

Kisha nikamgeukia Domitila, na kwa kuwa nilitaka neno lisiwe zito, nikafanya mzaha. Nilimwambia, "Mama, Ijumaa wewe utakuwa samaki. Unawaona mukeke wanavyofanya wakitolewa ziwani? Fungua mdomo, funga mdomo, sauti usitoe. Hakuna mtu atajua." Nikafungua na kufunga mdomo wangu kumwonyesha. Darasa lote lilicheka. Domitila naye alicheka, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nikamweka mwisho wa mstari, nikaongeza na wengine watatu ambao sauti zao zilinitia wasiwasi, nikawaita safu ya samaki. Bosco peke yake hakucheka. Alirudi nyuma akasimama mahali nilipomwambia.

Ijumaa tuliimba vizuri sana. Mahali pa kupanda palipandwa. Wageni walipiga makofi, mmoja alifuta macho. Wakati wa soda, Madamu alinivuta pembeni akanionyesha Domitila. "Yule mama," alisema, "katika wote ndiye anayeimba kwa moyo. Ameniliza." Ni kweli, alikuwa amefungua mdomo mahali pote panapostahili, amevuta pumzi mahali nilipofundisha, kichwa amekiinua. Nikamjibu Madamu, ndiyo, ni mwanafunzi mzuri. Tukapewa mwaka wa pili.

Ningeweza kuishia hapa na ingetosha kuniaibisha mbele yenu. Lakini ninyi ni walimu, lazima mjue kosa la mkufunzi linakwenda wapi.

Miezi michache baadaye, siku ambayo njia zilikuwa shwari, Madamu na mimi tulizunguka kukagua kwaya mashuleni. Shuleni kwa Domitila, Ngagara, tulikuta watoto wamejipanga uani, kama arobaini hivi. Waliimba wimbo mfupi wa Kirundi, safi kabisa, hakuna anayekwaruza. Nilitoa daftari nikaandika: vizuri sana. Kisha nikasogea karibu kuwasikiliza mmoja mmoja, kama desturi yangu. Mstari wa nyuma, karibu na ukuta, kulikuwa na watoto tisa au kumi. Niliinama kwa wa kwanza, sikusikia kitu. Wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Midomo inafunguka na kufunga, pumzi mahali pake, vichwa juu. Nguo zao zilikuwa zile za msaada, zinazowazidi. Walikuwa watoto wa wakimbizi waliokuwa wamefika karibuni kutoka milimani na kuwekwa kambini.

Nilimwita Domitila pembeni. Madamu alikuja nasi.

"Hawa watoto wa nyuma, mbona hawaimbi?"

"Hawa njo samaki, Mwalimu," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza kazi yake kwa mkubwa wake. "Wamefika juzi tu, sauti zao bado ziko ovyo. Nimewapanga sawa vile ulitufundisha."

"Na wataimba lini?"

Akanigeukia.

"Mi mwenyewe ulinambia ntaimba lini?"

Aliuliza kwa sauti ndogo, ya mtu anayetaka kweli kujua. Madamu hakujua Kiswahili. Akaniuliza kwa Kifaransa, mama anasema nini?

Nikamwambia: "Anatushukuru kwa mafunzo."

Hiyo ndiyo aibu yenyewe, vijana. Ile ya Ijumaa naweza kusema nilikuwa na haraka, nilikuwa na majivuno, ni mambo ya binadamu. Lakini pale uani nilikuwa na nafasi. Ningeweza kumwambia Madamu ukweli, tukakosa mwaka wa tatu. Ningeweza kuwageukia wale watoto wa ukutani nikawaambia wapaze sauti, hata kama ovyo. Nilikuwa na diapazoni mfukoni na Bruda Anselmi kichwani. Nilifunga daftari juu ya yale maneno, vizuri sana, tukapanda gari. Domitila alitupungia mkono mpaka tukapinda kona.

Nilikaa wiki tatu, nimejipanga maneno ya kumwambia, ndipo nikarudi. Sikumkuta. Walimu wenzake waliniambia amehamia Gitega kwa dada yake. Niliandika barua mbili, na sijui kama zilimfikia. Bosco nilimkuta sokoni siku moja, nikamwuliza habari za Domitila. Alikuwa amenunua ndagala, dagaa wa ziwani, anazikung'uta mchanga. Alisema, "Mi sijui, Mwalimu. Aliacha kuimba, nikaacha kumuuliza." Akalipa akaenda.

Mwaka ule nilizunguka nilikoweza. Gihosha nilikuta samaki sita. Shule moja nyingine, samaki darasa zima isipokuwa wasichana wawili. Kajaga, ambako watoto wamekulia kwenye mitumbwi ya baba zao, samaki walikuwa wameongeza hata viganja mashavuni vikicheza kama mashavu ya mukeke, na mwalimu wao akaniambia kwa furaha kwamba watoto wanagombania safu hiyo. Nilijaribu kucheka. Kila mahali niliwaambia waache, nikawaonyesha njia ya Bruda Anselmi. Walikubali, ndiyo Mwalimu, ego Mwalimu. Lakini njia ya Bruda inataka muda na mtoto mmoja, na samaki ni njia ya dakika moja inayosafisha kwaya nzima. Ninyi mnadhani walichukua ipi?

Basi vita vikaisha, mradi ukaondoka na kitambaa chake. Wimbo wangu wa sauti nne hakuna anayeukumbuka, hata mimi ile sauti ya tatu imenipotea.

Majuzi, mjukuu wangu Belise, wa darasa la pili, alirudi kutoka shuleni akatupa mfuko kwenye kiti. Nikamwuliza wamefanya nini leo. Akasema wanajiandaa kwa sherehe, wanaimba.

"Na wewe unaimba sauti gani?"

"Mi niko samaki," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, hebu nionyeshe. Alisimama wima mbele yangu, mikono pembeni, kichwa juu. Akafungua mdomo, akafunga, akavuta pumzi mahali pa kuvuta. Aliumaliza wimbo mzima hivyo, beti zote, na katika sebule yangu ilisikika saa ya ukutani tu. Kisha akangoja nimsifu. Mwalimu wake ni msichana wa umri wenu. Hajawahi kuniona, wala hajui jina la Domitila. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu. Madamu alitaka kitu kitakachobaki, na kweli kimebaki.

Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaweka birika la chai jikoni. Nilimwambia Belise akae karibu nami kwenye kochi. Diapazoni niliiacha mezani. Nikamwambia atoe sauti yoyote, ile inayokuja yenyewe. Alitazama mlango kwanza, kama mtu anayeogopa kusikika. Kisha akatoa noti moja, ya chini, iliyokwaruza kidogo.

Nilishuka nikaitafuta. Nilipoipata tuliishika pamoja, nikaweka kiganja chake kifuani pangu asikie mtetemo. Akacheka. Tukaanza tena, tukapanda hatua moja. Akaanguka, nikarudi naye. Tukapanda tena moja, na ya pili, na kwenye ya tatu niliacha kuimba bila kumwambia, naye akaendelea peke yake hajui kwamba nimemwacha.

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni. "Nani anaimba?" akauliza. Birika lilikuwa bado halijachemka.

Ni muda huo tu, vijana wangu. Ni muda huo tu Domitila aliokuwa ameniomba.